Rekebisha Makaratasi, Sio Mabati: Ukweli Kuhusu Kuuza Nyumba Iliyochakaa

Kuna ushauri ambao kila mwenye nyumba mbovu huupata bure. Jirani atakupa, shemeji atakupa, hata mtu wa bodaboda atakupa akikusubiri getini: "Usiuze hivyo. Paka rangi kwanza, badilisha mabati, weka vigae, halafu utaona bei." Unatolewa kwa nia njema. Lakini kwa mtu ambaye pesa zimekwisha na benki imeanza kupiga simu, ushauri huo unaweza kumpotezea nyumba na pesa zote mbili.

Nasema hivi nikiwa mtu aliyesomea masoko. Chuoni tulifundishwa kupamba bidhaa kabla ya kuipeleka sokoni, na kwa sabuni ama soda sina ubishi. Nyumba ni kitu kingine. Mteja wa sabuni haji na fundi wake kuikagua, na hakuna benki inayoshikilia karatasi ya sabuni kabatini.

Simzungumzii mtu mwenye milioni mbili zimelala kwa akaunti na mwaka mzima wa kusubiri. Huyo afanye atakavyo. Nazungumza na mwenye nyumba ya zamani, tuseme mezoneti ya Buruburu, mtaa wa Nairobi uliojengwa awamu kwa awamu kuanzia miaka ya 1970. Paa linavuja. Plasta ya jikoni imeanguka, mabomba yameoza, nyaya za umeme ni zile za tangu enzi za mzee. Mkopo umechelewa miezi miwili. Labda kazi imeisha, ama kuna mgonjwa hospitalini, ama ndugu watano wanataka kugawana urithi na hakuna hata mmoja aliye na pesa ya fundi.

Kwako wewe msimamo wangu ni huu: uza nyumba jinsi ilivyo, bila aibu. Lakini kitu kimoja kisiuzwe jinsi kilivyo, nacho ni makaratasi. Kama umebaki na shilingi 100,000 pekee, zisiende kwa rangi. Ziende kwa mthamini, kwa wakili na kwa deni la kodi ya ardhi. Mnunuzi akiona ukuta wenye ufa atapunguza bei. Akiona hatimiliki yenye shida ataondoka.

Hesabu ambayo fundi hatakufanyia

Tuchukue mfano. Takwimu ni za kubuni, lakini hesabu unaweza kuirudia kwa kalamu ukitumia zako.

Tuseme nyumba ikikarabatiwa yote itauzwa kwa shilingi 9,000,000. Jinsi ilivyo leo, kuna mnunuzi wa 7,500,000. Tofauti ni 1,500,000. Fundi naye amekuambia kazi yote ni 1,200,000. Ukiangalia haraka haraka unaona ukikarabati utabaki na 300,000 mfukoni, na hapo ndipo watu wengi wanaacha kupiga hesabu.

Hebu tuendelee. Umebakisha mkopo wa 3,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Riba peke yake ni 40,000 kila mwezi. Ukarabati ukichukua miezi 4, hiyo ni 160,000. Zile 1,200,000 za fundi huna, kwa hivyo umezikopa kwa riba hiyo hiyo: ongeza 64,000. Halafu hii ni nyumba ya zamani. Fundi akifungua paa anakuta mbao zimeliwa na mchwa, akivunja ukuta wa bafu anakuta bomba limeoza mpaka chini. Bei yake ikipanda kwa asilimia 20 tu, ni 240,000 nyingine.

Jumla ni 464,000. Ile faida ya 300,000 imegeuka hasara ya 164,000, na bado hatujagusa adhabu za kuchelewesha mkopo.

Kuna ukarabati mwingine ambao hata hauwezi kufanywa kiholela. Baadhi ya nyumba za zamani zina paa la asbesto, na kanuni za usimamizi wa taka za 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari. Huwezi kumwita kijana wa mtaa aing'oe kwa nyundo na kuitupa nyuma ya ua. Inataka watu wenye leseni ya NEMA, na hao hawalipwi pesa ya chai.

Pia fikiria mnunuzi mwenyewe. Anayenunua nyumba ya mtaa wa zamani mara nyingi tayari ana mipango yake kichwani: kuvunja jikoni, kuongeza vyumba, pengine kubomoa yote. Vigae ulivyokopa pesa kuviweka vitaishia kwa lori la vifusi. Kwa nini ulipie ladha yako wakati atakayekaa humo ni mwingine?

Ufa ulioko kwa mkopo

Najua mtu atanijibu kwa methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa kabisa. Lakini kwa mtu aliyechelewa kulipa benki, ufa wa haraka hauko ukutani. Uko kwa mkopo.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mwenye nyumba muda, na ni vizuri uujue. Ukishindwa kulipa na hali hiyo ikaendelea kwa mwezi mmoja, benki inaweza kukupa notisi chini ya kifungu cha 90. Kwa deni la pesa, notisi hiyo inakupa siku 90 za kurekebisha. Zikiisha bila malipo, benki ikitaka kuuza lazima ikupe notisi nyingine ya siku 40, chini ya kifungu cha 96. Naye dalali wa mnada, kwa kanuni zinazomwongoza, anatakiwa kukupa notisi ya siku 45 za kukomboa mali yako, kisha zipite angalau siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini kabla ya mnada wenyewe.

Hata kama notisi mbili kati ya hizo zitaenda sambamba, bado una zaidi ya miezi 4. Miezi 4 inatosha kutafuta mnunuzi wa nyumba jinsi ilivyo. Kwa kukarabati kwanza halafu ndio uanze kutafuta mnunuzi, haitoshi. Nyundo ya dalali ikishagonga meza, haki yako ya kukomboa nyumba imekwisha.

Na mnadani bei huwaje? Kifungu cha 97 kinaitaka benki itafute bei bora inayoweza kupatikana wakati huo, na mali ikienda kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 ama zaidi, sheria inachukulia kwamba benki imekosea mpaka ijitetee. Ulinzi huo ni mzuri, lakini kuutumia ni kesi, na kesi ni pesa na miaka. Wathamini nao wakiandika bei ya kuuzwa kwa lazima, mara nyingi huiweka karibu robo tatu ya bei ya soko.

Rudi kwa mfano wetu. Robo tatu ya 7,500,000 ni 5,625,000. Tofauti ni 1,875,000, na bado gharama za dalali na za mawakili wa benki zitawekwa juu ya deni lako. Ukiuza mwenyewe kwa 7,500,000 na kulipa benki 3,000,000, unabaki na 4,500,000 kabla ya gharama. Ukingoja mnada, unabaki na 2,625,000 kabla ya gharama kubwa zaidi. Kwa familia nyingi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kununua kiwanja mahali pengine na kuanza upya, na kurudi kupanga chumba kimoja na watoto watatu.

Kwa hivyo usiikimbie benki. Iandikie barua mapema, sema unataka kuuza mwenyewe, na uombe taarifa ya kiasi kamili cha kumaliza mkopo. Benki haina hamu ya kukaa na nyumba inayovuja. Inataka pesa yake. Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Notisi ya kwanza ndiyo asubuhi yako.

"Jinsi ilivyo" haimaanishi "usiulize"

Kuuza jinsi ilivyo ni makubaliano kwamba mnunuzi anachukua jengo na kasoro zake, na wewe hutamrekebishia kitu. Mnunuzi wa nyumba anatarajiwa kufungua macho yake mwenyewe na kuleta mtaalamu wake. Hiyo ndiyo desturi ya sheria yetu ya mikataba.

Lakini maneno hayo hayafuniki uongo. Akikuuliza kama chini ya nyumba hupita maji ya mvua na useme hapana huku unajua kila Aprili sebule inageuka dimbwi, umempotosha, na mkataba uliosimama juu ya uongo unaweza kuvunjwa. Vivyo hivyo ukipaka rangi juu ya ufa wa msingi jana ili leo usionekane. Ndio maana sipendi rangi ya dakika ya mwisho hata kidogo. Inagharimu pesa, inaleta shaka kwa mnunuzi mwerevu, na ikitumika kuficha inakuwa ushahidi dhidi yako.

Na kuna hali ambapo suala sio bei tena. Jengo la ghorofa 6 lilipoporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50, nchi nzima ilijifunza maana ya ile alama ya X nyekundu inayochorwa kwenye majengo hatari. Kama jengo lako lina notisi ya kaunti ama alama hiyo, usimuuzie mtu kimya kimya kama nyumba ya kuishi. Mwambie kwa maandishi, mwonyeshe notisi, na uuze kama kiwanja chenye jengo la kubomolewa. Kama kuna wapangaji ndani, watoke kwanza. Bei itashuka, ndio. Lakini hakuna bei inayotosha kulipa mtu aliyefukiwa na ukuta.

Makaratasi ndiyo ukarabati wako

Sasa tufike kwa kazi yenyewe. Haya ndiyo mambo ya kurekebisha kabla hujaweka tangazo popote.

1. Fanya sachi ya ardhi yako mwenyewe. Wengi wanadhani sachi ni ya mnunuzi. Fanya yako kwanza, kupitia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa 2021 ukianzia Nairobi, ama kwa ofisi ya ardhi ya kaunti yako kama faili lako halijaingia huko. Unaweza kukuta zuio lililowekwa na ndugu, ama rehani ya mkopo uliomaliza zamani lakini haikuondolewa. Bora uikute wewe kuliko wakili wa mnunuzi.

2. Jua deni la kodi ya ardhi. Kuna kodi ya kaunti, na kama ardhi ni ya lizi, kuna pia kodi ya serikali ya kitaifa. Bila vyeti vya kuonyesha huna deni, uhamisho haupiti. Habari njema ni kwamba si lazima uwe na pesa zote leo. Mkataba unaweza kusema deni hilo litalipwa kutoka kwa amana ya mnunuzi, wakili akilipa moja kwa moja. Pia sikiliza matangazo ya kaunti yako, kwa sababu mara kwa mara kaunti husamehe riba na adhabu kwa wanaolipa deni la msingi.

3. Pata idhini ya mume ama mke. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mmoja kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Haijalishi jina la nani liko kwa hatimiliki. Ongeeni nyumbani kwanza, halafu muandike.

4. Kama ni nyumba ya urithi, maliza mirathi. Hapa ndipo familia nyingi huungua. Mzee amefariki, hatimiliki bado ina jina lake, na kaka mkubwa ameshachukua "amana" ya mtu. Kwa Sheria ya Urithi, nyumba ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, na kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa la jinai. Nenda kortini kwanza. Ndugu wote wakikubaliana kwa maandishi, kazi inakuwa nyepesi zaidi.

5. Fahamu kodi ya faida ya mtaji. Tangu Januari 1, 2023 ni asilimia 15 ya faida, na anayelipa ni muuzaji. Lakini nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuuza imesamehewa. Kama ulihama na kuipangisha, hesabu inabadilika, kwa hivyo muulize wakili wako kabla ya kupanga bei. Na kama uliwahi kujenga ama kuongeza kitu, tafuta risiti, kwa sababu gharama hizo zinaweza kupunguza faida inayotozwa.

6. Kama ni shamba lenye nyumba, usisahau Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Uuzaji wa ardhi ya kilimo unahitaji kibali chake, na ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali, mkataba ni karatasi tu.

Ukitazama orodha hii utaona hakuna mahali pameandikwa "saruji".

Bei: weka sakafu kabla ya kuweka tangazo

Sababu kubwa ya watu kuogopa kuuza jinsi ilivyo ni kwamba watapunjwa. Woga huo una msingi. Mtu mwenye shida ananuka shida, na mabroka wana pua. Atakuja mmoja na suti na kukuambia, "Hii nyumba imekufa, mteja wangu anatoa milioni 4, leo, taslimu." Neno "leo" ndilo ndoano.

Dawa yake sio rangi. Dawa yake ni namba. Mlipe mthamini aliyesajiliwa akupe bei ya nyumba katika hali yake ya sasa. Halafu mlete fundi unayemwamini, sio kurekebisha, kukupa tu makadirio ya ukarabati kwa maandishi. Mnunuzi akisema paa litamgharimu milioni 1 na karatasi yako inasema 350,000, mna kitu cha kuzungumzia. Bila karatasi, anayeongea kwa sauti kubwa ndiye anashinda.

Kisha jiwekee sakafu: deni la benki, ongeza kodi ya ardhi, ada ya wakili, na pesa ya chini kabisa ya kuhama na kuanza upya. Iandike kabla hujakutana na mnunuzi yeyote. Ofa ikiwa chini ya hapo, jibu ni asante, siwezi.

Kumbuka pia mnunuzi ana gharama zake: ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa mali ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Ndio maana wengine watakuomba muandike bei ndogo kwa mkataba na hiyo nyingine mmalizane pembeni. Kataa. Ni kosa la kodi, na zaidi ya hapo, pesa ambayo haijaandikwa popote huwezi kuidai popote.

Na ukitumia ajenti, muulize nambari yake ya usajili kutoka bodi ya kusajili maajenti wa nyumba, ile EARB. Wa kweli hatakasirika ukiuliza.

Tangaza kasoro, usizifiche

Hapa niruhusu nitumie nilichosomea. Kuna msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba mbovu haitajiuza, hiyo ni kweli, lazima uitembeze. Lakini itembeze na sura yake halisi. Tangazo linaweza kuwa hivi:

"Nyumba ya vyumba 3 inauzwa jinsi ilivyo. Paa linavuja upande wa jikoni, nyaya za umeme ni za zamani, bafu la juu halifanyi kazi. Makadirio ya fundi yapo. Hatimiliki ipo, sachi ya mwezi huu ipo, kodi ya kaunti haina deni. Bei imezingatia ukarabati. Njoo na fundi wako."

Tangazo hilo linafanya kazi tatu. Linafukuza wale wanaotafuta nyumba ya kuhamia kesho, ambao wangekupotezea Jumamosi 6 wakija kukunja uso. Linavuta wale wanaotafuta nyumba kama yako hasa: mafundi, wajenzi wadogo, vijana wanaotaka mtaa fulani kwa bei wanayoweza. La tatu ndilo kubwa. Kasoro uliyoitaja wewe mwenyewe tayari iko ndani ya bei, lakini ile mnunuzi atakayoigundua itapunguza bei mara mbili: mara ya kwanza kwa gharama yake, mara ya pili kwa kukukosea imani.

Vipo vitu vidogo vya kufanya, navyo ni vya jasho zaidi kuliko pesa. Toa takataka, fyeka nyasi, fungua madirisha hewa ipite, weka balbu ili watu waone. Nyaya zinazoning'inia zifungwe na fundi wa umeme, ili asije mtu akapigwa na stima akikagua. Ukishafika hapo, inatosha.

Pesa zipite wapi

Sehemu hii ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaofanya kazi ya malipo kwa simu, kwa hivyo nitasema wazi: pesa ya nyumba haifai kupita kwa simu yako.

Tangu 2023, akaunti ya pesa kwa simu inaweza kubeba hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Amana ya kawaida ya ununuzi wa nyumba ni asilimia 10, ambayo kwa mfano wetu ni 750,000. Mnunuzi anayetaka kuikatakata vipande vipande na kuituma kwa namba yako, ya mkeo na ya kijana wako anakuachia fujo. Siku ya ubishi, nani atathibitisha ilikuwa ya nini? Amana iende kwa akaunti ya wateja ya wakili, kwa njia ya benki, baada ya mkataba kusainiwa. Sheria inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Makubaliano ya WhatsApp na kushikana mikono hotelini hayatoshi.

Na kama benki inashikilia hatimiliki, mawakili watapeana ahadi za kitaaluma kwa maandishi: pesa ya mnunuzi inalipa mkopo, benki inaondoa rehani na kutoa hatimiliki, salio linakuja kwako. Ni mpangilio wa kila siku kwao, kwa hivyo mtu asikutishe kwamba nyumba yenye mkopo haiuziki.

Simu ina kazi yake, nayo ni hizi gharama ndogo za makaratasi. Ada za serikali ya kitaifa hulipwa kupitia eCitizen, nambari ya biashara 222222, na kila malipo yanakuachia ujumbe wenye tarehe na nambari ya muamala. Usiufute. Kusanya jumbe hizo pamoja na risiti, kwa sababu ndiyo historia ya nyumba yako.

Halafu jihadhari na huyu: "mnunuzi" aliye ng'ambo, anapenda nyumba bila kuiona, hapunguzi hata shilingi, lakini anataka umtumie 15,000 ya kufungua faili ama ya mthamini wake. Mtu aliyebanwa na deni ndiye anayetafutwa na matapeli wa aina hii, kwa sababu matumaini yake yako juu kuliko shaka yake. Hakuna mnunuzi wa kweli anayeomba muuzaji amtumie pesa ili anunue. Ukipata ujumbe kwamba umetumiwa pesa, angalia salio lako mwenyewe kabla ya kuamini. Na namba yako ya siri haimhusu mtu yeyote, awe ajenti, wakili ama sisi.

Nani akarabati basi?

Kuna watu ambao kwao ukarabati una maana. Kama huna deni, una pesa yako mwenyewe isiyo ya mkopo, una muda, na tofauti ya bei ni zaidi ya mara mbili ya makadirio ya fundi, karabati. Kama tatizo ni dogo lakini linatisha, kwa mfano tangi linalovuja na kufanya ukuta mzima uonekane umeoza, rekebisha tangi. Sipingi saruji. Napinga kukopa ili kumpendezesha mtu ambaye hujakutana naye, huku benki inahesabu siku.

Lakini kama barua ya benki imeshafika, wiki hii fanya mambo matatu kabla hujampigia fundi yeyote. Andikia benki kwamba unataka kuuza mwenyewe na uombe kiasi cha kumaliza mkopo. Fanya sachi. Kaa na mwenzako wa ndoa, ama ndugu zako, mkubaliane sakafu ya bei. Kisha piga picha ya ule ufa wa jikoni vile ulivyo, uuweke kwa tangazo, na uache mnunuzi aamue kama anauweza.